Dobi na Sanamu la Kilo Sabini

Watu wa jengo lile walimwita Dobi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mumewe walimwita Fundi. Alishona nguo chumba cha mbele, ghorofa ya tatu, cherehani yake ikiwa dirishani. Fundi alikuwa mwembamba, mfupi na mcheshi. Mama yake mzazi aliishi nao, na ndiye aliyeshika jiko.

Jioni moja Dobi alirudi na karatasi. Akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo.

"Kikosi cha zimamoto kinaajiri," alisema. "Nimejiandikisha."

Fundi akasimamisha cherehani. "Umejiandikisha kuwafulia?"

"Kuzima moto."

Mama mkwe akatua sufuria. "Mama wee! Moto haufuliwi, mkwe wangu."

Dobi akacheka, kisha akavuta kiti. "Mnakumbuka moto ulipowaka chumba cha kukaushia mashuka? Wenzangu wawili walibaki ndani. Mimi nilisimama nje na ndoo mkononi. Zimamoto wakaingia wakawatoa. Tangu siku ile nataka kuwa yule anayeingia. Na hawaajiri aliyezidi miaka thelathini. Mwakani nitakuwa nimechelewa."

Fundi akachukua karatasi, akasoma. Jaribio la nguvu na pumzi lingefanyika baada ya wiki kumi na nne. Kupanda ngazi na mzigo. Kuvuta mpira wa maji. Kusimamisha ngazi ndefu. Kupiga nyundo kubwa. Kutambaa kwenye njia ya giza. Mwisho, kuburuta sanamu la mtu lenye kilo sabini. Yote kwa dakika kumi na moja, bila kupumzika.

"Kilo sabini!" alisema Fundi. "Mimi mwenyewe nina hamsini na nane. Hata sanamu limenizidi!"

Dobi alianza mazoezi kesho yake, na alianza kwa fujo. Alikimbia kila alfajiri, tumbo tupu. Alivaa sweta zito, na ndani yake mfuko wa plastiki, ili atoke jasho jingi. Maji hakunywa. "Maji yananitia uzito," alisema. Jioni, baada ya kazi, alipanda na kushuka ngazi za jengo akiwa na dumu la maji begani. Siku ya tano magoti yakauma. Akayafunga kitambaa, akaendelea.

Siku ya tisa, alipofika ghorofa ya pili, macho yakaingia giza. Dumu likamponyoka. Likabingirika ngazi zote, gongo, gongo, gongo, mpaka kwenye mlango wa chini kabisa.

Mlango ule ulikuwa wa Bi King'ora. Alikuwa zimamoto kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti yake. Akimwita mtu aliye barabarani, jengo zima huitika.

Bi King'ora akapanda polepole, maana goti lake moja lilikuwa bovu. Akamkuta Dobi ameketi kwenye ngazi, anatetemeka.

"Nani anakufundisha mambo haya?"

"Najifundisha mwenyewe, shikamoo."

"Marahaba. Basi mwalimu wako hafai."

Dobi akataka kucheka, machozi yakamtangulia. Bi King'ora akakaa kando yake, akamvua sweta, akampa maji anywe kidogo kidogo.

"Sikiliza, binti yangu. Jasho si nguvu. Ukiukausha mwili, moyo unahangaika. Na nguvu haziji wakati unabeba mzigo. Zinakuja ukishautua, ukala, ukalala. Wewe hulali, huli, humpi mwili wako nafasi. Unaubomoa kila siku, utaujenga lini?"

"Lakini siku zinakwisha, bibi."

"Ndiyo maana kesho hukimbii. Kesho unakwenda zahanati."

"Mimi siumwi."

"Gari letu la zimamoto tulilikagua kila asubuhi. Hatukungoja lizimike njiani."

Kwenye zahanati, muuguzi alimpima presha, akamsikiliza moyo, akampima damu. "Moyo mzuri," alisema. "Lakini damu imepungua. Ndiyo sababu ya kizunguzungu." Akampa vidonge vya kuongeza damu. Akamwambia ale maharage, mboga za majani, mayai na matunda. "Na chai usinywe pamoja na chakula. Inazuia mwili kuchukua madini ya damu. Kwa wiki mbili tembea tu. Kisha uje nikupime tena."

Dobi alirudi nyumbani uso umemshuka. Wiki mbili! Usiku ule Fundi alirudi kwenye meza yake. Alikata turubai, akaanza kushona. Asubuhi Dobi akakuta fulana nzito yenye mifuko kumi na miwili.

"Nini hiki?"

"Kila wiki tutatia mchanga kidogo," alisema Fundi. "Sasa hivi ni mitupu. Nawe pia pumzika, usije ukaionea wivu fulana."

Mama mkwe naye, aliyekuwa akiguna tangu mwanzo, akawa askari wa chai. Dobi akinyoosha mkono kwenye birika wakati wa chakula, anapigwa kikofi. "Ngoja saa moja! Muuguzi kasema!"

Wiki mbili zikapita. Muuguzi akampima tena. "Damu inapanda. Endelea na vidonge, na anza kidogo kidogo."

Sasa Bi King'ora akashika usukani. Mazoezi yakawa siku tatu kwa wiki, na kati yake siku ya mapumziko. Kwanza dakika kumi za kuupasha mwili moto. Kisha ngazi, fulana ikiwa tupu. "Kanyaga kwa wayo mzima! Usiegemee ukuta! Usikimbie, hakuna anayekufukuza!" Sauti ile iliwatoa majirani wote kwenye vibaraza.

Kwa kuburuta, Fundi alijitolea kuwa sanamu. Alivaa koti kuukuu, wakalijaza mchanga mifukoni mpaka akatimiza kilo sabini. Akalala katikati ya uwanja wa jengo. Dobi akainama, akamshika mikono, akavuta.

"Aah! Mkono huo ndio unaoshona!"

"Acha mikono yake, na usitumie mgongo," alisema Bi King'ora. "Chuchumaa nyuma yake. Mwinue akae. Pitisha mikono chini ya makwapa, umkumbatie kifuani. Nyoosha mgongo, inuka kwa miguu. Haya, rudi nyuma, hatua fupi fupi."

Dobi akamkumbatia mumewe. Fundi akasogea, visigino vikichora mistari miwili mchangani.

"Mazoezi haya nimeyapenda," alisema Fundi.

"Sanamu haliongei!" akafoka Bi King'ora. Vibaraza vyote vikaangua kicheko.

Giza ndilo lililomshinda Dobi. Fundi alipanga meza zake mstari mmoja, akazifunika vitambaa mpaka chini. Dobi akafungwa macho, akaingia kutambaa. Katikati akapiga kelele, akachomoka ubavuni, meza moja ikaanguka.

"Siwezi," alisema, anahema. "Naona kama moto uko mbele yangu."

Bi King'ora akashusha sauti. "Kuogopa si kosa. Hata mimi niliogopa, miaka yote ishirini na sita. Kosa ni kukurupuka. Mkono wa kulia usiachie ukuta; hapa ukuta ni kitambaa. Woga ukija, simama. Vuta pumzi tatu. Endelea."

Dobi akaingia tena. Alipofika katikati, akasimama. Ndipo mama mkwe akapiga magoti upande wa pili, akagonga sakafu kwa kiganja.

"Niko huku, mwanangu. Pumua, uje."

Dobi akapumua mara tatu, akaja. Akatokea mikononi mwa mama mkwe.

Wiki ziliendelea hivyo. Mchanga ukaongezeka. Goti lilipomuuma wiki ya sita, hakulifunga kitambaa. Alilipumzisha siku mbili, likapoa.

Siku ya jaribio Dobi alifika amelala vizuri, amekula saa mbili kabla ya zamu yake, amekunywa maji. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alitangulia. Alipanda mnara wa mazoezi na mzigo mgongoni, akiruka ngazi mbili mbili. Ghorofa ya nne akashika ukingo, akaketi, akashindwa kuinuka.

Zamu ya Dobi ikafika. Filimbi ikalia. Alipanda kwa wayo mzima. Akavuta mpira wa maji, akasimamisha ngazi, akapiga nyundo mpaka viganja vikawaka. Akaingia kwenye njia ya giza. Katikati moyo ulimruka. Akasimama. Sekunde zilikuwa zinakwenda, lakini alivuta pumzi zake tatu, mkono wa kulia ukiwa ukutani. Akatoka.

Likabaki sanamu. Lilikuwa zito na gumu, wala halikumtania. Nusu ya njia likamponyoka. Alitaka kulivuta mguu kwa hasira. Badala yake akachuchumaa, akalikumbatia upya, akainuka kwa miguu. Nyuma, nyuma, nyuma. Visigino vya sanamu vikavuka mstari.

"Dakika kumi, sekunde thelathini na nane," alisema msimamizi. "Umefaulu."

Nyumbani, Bi King'ora alisimama mlangoni, akaisoma karatasi ya matokeo mara mbili. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote.

"Karibu kikosini, binti yangu. Sasa nenda kalale. Kesho usiguse hata shuka."

Dobi alijitupa kitandani saa tisa mchana, na viatu vyake. Fundi akamvua viatu, akamfunika, kisha akafunga cherehani isipige kelele. Mama mkwe akatoa kiti, akakaa nje ya mlango. Kila aliyepanda kuleta nguo au kuleta pongezi alikutana na kidole mdomoni.

"Shh," alisema mama mkwe. "Zimamoto wetu amelala. Njooni kesho."