Vyeo Vitatu vya Maren

Kila asubuhi saa kumi na moja na nusu Maren Tollefson alivaa soksi mbili mbili, akatoka kukimbia kando ya mashamba ya viazisukari kabla ya shule. Alikuwa nahodha wa wakimbiaji. Alikuwa pia mwenyekiti wa baraza la wanafunzi. Na kila Jumatano, siku ambayo maktaba ya mji hufungwa mapema, alikabidhiwa ufunguo ili afundishe watoto sita kusoma. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Alikuwa akiomba nafasi katika vyuo vinavyochukua wachache mno, na alikuwa amesikia kwamba vyuo hivyo hupenda viongozi.

"Unakusanya vyeo kama mtu anayeokota makopo," Lorna, rafiki yake na makamu wake barazani, alimtania. "Mikutano mitatu hukuja. Nimeiendesha mimi."

"Nivumilie tu mpaka Januari, nitume fomu ya chuo."

Lorna alitikisa kichwa.

Jumatano moja ya Novemba baraza liliitwa ghafla kupanga dansi ya shule. Safari hii Maren akaenda. Katikati ya mabishano kuhusu muziki akatazama saa. Watoto! Alitoka bila kuaga.

Alipofika maktaba, watano walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na wazazi wao. Otis, wa miaka saba, alikuwa kwenye ngazi za nje, mbele ya mlango uliofungwa, amelowa mvua ya barafu. Babu yake, Mzee Brekke, ndiyo kwanza alikuwa amefika, akimvika mjukuu koti lake mwenyewe.

"Binti, ulikuwa wapi?"

"Mkutanoni, mzee. Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Muombe huyu."

Otis alishika kitabu kilicholoa. "Leo nilitaka kukusomea ukurasa mzima," alisema, meno yakigongana.

Jioni, mezani, Maren alimsimulia mama yake, dereva wa basi la shule.

"Sasa utafanyaje?" mama aliuliza.

"Nitaacha uenyekiti. Lakini fomu yangu itapwaya, mama."

"Wacha ipwaye. Mwambie Lorna kesho, usingoje wiki ijayo."

Kesho yake Maren alisimama mbele ya baraza. "Tangu Septemba kazi ya mwenyekiti anaifanya Lorna. Mimi nilibaki na jina tu. Ninajiuzulu, na ninampendekeza yeye."

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi.

"Hee! Umesema kweli mbele ya watu wote?" Lorna alinong'ona. "Basi lete hiyo nyundo ya mwenyekiti kabla hujabadili mawazo."

Wakimbiaji hakuwaacha, kwa sababu mazoezi hakuwa amekosa hata siku moja. Watoto aliwarudia. Alimwomba Otis msamaha akiwa amepiga magoti, wakatazamana usawa wa macho. Majira ya baridi yote, hata theluji ilipofika magotini, Maren alifika dakika kumi kabla yao. Mwezi wa Desemba Otis alisoma ukurasa wake mzima, kisha akadai asome mwingine.

Bwana Dahlgren, mshauri wa wanafunzi, aliipitia fomu. "Mbona uenyekiti umeufuta? Ulikuwa nao miezi mitatu."

"Ningekuwa naandika kazi ya Lorna, mwalimu."

"Na hapa umeeleza jinsi ulivyowasahau watoto mvuani. Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeeleza pia nilivyorudi."

Majibu yalikuja Machi. Chuo alichokitaka kuliko vyote kilimkataa, na Maren alilia kidogo ofisini kwa Bwana Dahlgren. Cha pili kilimkubali. Alilisoma jibu mara mbili, kisha akalisoma kwa sauti.

"Hongera, Maren," alisema Bwana Dahlgren. "Ukumbuke jambo moja utakapokuwa huko. Kila cheo ni ahadi, na nyuma ya kila ahadi kuna mtu anayekusubiri. Chukua zile unazoweza kuzitimiza. Zilizobaki waachie wanaoziweza, na uwasifu kwa majina yao."

"Nimeelewa, mwalimu," alisema Maren. Akafuta machozi, akaenda kumwambia mama yake.