Moyo wa Kilomita ya Kumi na Nane

Walikutana kwenye foleni ya vipimo chini ya jukwaa la uwanja, siku ambayo wakimbiaji mia mbili walitaka kupimwa kwa pamoja na kila mmoja alijiona ana haraka kuliko mwenzake. Yeye, fundi wa lifti, alikuja na ovaroli lake, viwiko vimejaa grisi. Mpimaji alikuwa dada wa koti jeupe na kilemba cha zambarau, hana utani na mtu. Alimbandika nyaya kifuani, akatazama mapigo ya moyo kwenye karatasi.

"Arobaini na nne," alisema. "Uko macho kweli?"

"Nilikuwa nimetulia. Sasa umenishika, hebu pima tena."

Akapima. Hamsini na tisa. Akacheka, na fundi wa watu akawa hana ujanja tena.

Miezi minne wakawa chanda na pete. Kila Jumamosi asubuhi fundi alivaa mkanda wa kupima mapigo, akakimbia kilomita thelathini, kisha akamtumia mpenzi wake namba kwa simu. Alikuwa anajiandaa kwa mchujo wa klabu moja iliyolipa watu mshahara wakimbie tu, basi. Mwisho wa kuingia ulikuwa miaka thelathini, na siku ya mchujo yeye angekuwa amebakiza wiki chache tu kuitimiza.

"Mbona kilomita ya kumi na nane moyo umeruka kutoka mia na hamsini mpaka mia mbili na kumi na mbili?" mpimaji alimuuliza siku moja. "Kuna mlima?"

"Tambarare kabisa, mpenzi. Mkanda umekauka huo."

"Ulowanishe kabla ya kuvaa. Badilisha na betri."

Akafanya yote mawili. Jumamosi iliyofuata moyo ukaruka palepale, ukashuka ghafla.

"Ulisikia nini?"

"Kizunguzungu kidogo."

"Kesho twende kwa daktari."

"Baada ya mchujo. Ukiandika ugonjwa kwenye fomu yangu ya afya sasa, klabu inanitoa."

Wiki tatu zilizofuata namba zikaja safi, mpaka mpimaji akamwonyesha mama yake kwa furaha. Za wiki ya tatu ndizo mpimaji alizozitazama tangu dakika za mwanzo, kabla mtu hajaanza kukimbia, kisha akarudia na za wiki mbili za nyuma. Akampigia fundi simu papo hapo.

"Mkanda alivaa nani?"

"Swali gani hilo, mpenzi?"

"Mtu amesimama tu, moyo unapiga sabini. Wiki zote tatu. Mimi nalala juu ya kifua chako, nakujua."

"Mdogo wangu," alisema. "Nilitaka usiwe na wasiwasi."

Jamani, mtu anakupenda hivyo, unamvalisha mwingine moyo wako? Ugonjwa haukuwa kosa lake. Hili lilikuwa lake peke yake.

"Fomu yako ya mchujo iko mezani kwangu, inasubiri saini yangu," mpimaji alisema.

"Weka saini. Nikimaliza tu mbio napiga goti mbele ya watu wote. Pete ninayo."

"Usininunue kwa pete."

"Na wewe usinikate miguu."

Mpimaji aliandika asikimbie, apelekwe kwa daktari wa moyo. Aliandika huku akilia, wenzake wanamwangalia.

Mchujo ukapita bila fundi. Daktari alimkimbiza kwenye mashine na moyo ukaruka vilevile. Akamwambia waziwazi kwamba siku moja angeanguka barabarani asiinuke. Wakamlaza, wakachoma njia ya ziada iliyokuwa inapitisha umeme moyoni, akapona. Wiki hiyo hiyo akatimiza thelathini, na mlango wa klabu ukafungwa.

Mpimaji alikwenda wodini.

"Wanasema umeniokoa," fundi alisema. "Nakushukuru kwa dhati."

"Basi ukitoka, tuanze upya."

"Siwezi. Nikikuona naiona ile fomu."

"Ningeweka saini, leo ungekuwa kaburini."

"Najua. Hukunikosea kitu, na hilo ndilo linaloniumiza. Ungenikosea ningekusamehe, tukaendelea."

Mpimaji alimwekea mto vizuri mgongoni, akamtakia afya njema, akaondoka. Fundi alisikiliza nyayo zake mpaka mlango wa nje ulipofungwa, na hakumwita.