Kikombe cha Kitanda cha Tano

Wodi ilikuwa na vitanda vinane, siku ile wagonjwa walikuwa saba, na kwenye ndoo ya taka chini ya dirisha la dawa vilikuwemo vikombe vinane. Sista alivihesabu mara mbili. Mara ya tatu akaacha, kwa sababu mtu aliyefanya zamu mbili mfululizo hana haki ya kubishana na ndoo.

Ilikuwa wodi ya kuwatoa watu kwenye unga wa kulevya. Sista alikuwa ameifanyia kazi miaka kumi na tisa, na kama kuna kazi inayomla mtu taratibu kama mchwa anavyokula mlango, basi ni hiyo. Watu wanaletwa wakitetemeka, wanatoka wakitembea, wanarudi wakibebwa. Utaratibu wenyewe haukuwahi kubadilika. Saa sita kamili mchana muuguzi anakaa ndani ya chumba cha dawa, nyuma ya dirisha lenye nondo, anaita vitanda kwa namba. Mgonjwa anakuja, anapewa kikombe kidogo cha plastiki chenye dawa ya maji, tamu ya kukirihisha, ya kutuliza arosto, yaani yale maumivu yanayomshika teja akikosa unga. Anakunywa pale pale. Anapewa maji, anakunywa. Halafu ni lazima aseme kwa sauti, "Nimemeza, sista," maana wapo mabingwa wa kuificha dawa shavuni wakaiuze chooni, na mtu mwenye dawa mdomoni hawezi kusema vizuri. Akishasema, muuguzi anaweka alama daftarini na kumwita mwingine.

Siku hiyo sista aliita vitanda vyote vinane. Hakunyanyua macho. Baada ya miaka kumi na tisa mikono yote inafanana. Alipoita cha tano, mkono ulipita kwenye nondo, ukachukua kikombe, akasikia mtu akimeza kwa kishindo, kama mtoto aliyetoka kucheza juani. "Nimemeza, sista." Akaweka alama.

Sasa, akiwa ameinamia ndoo, ndipo ikamjia. Mwenye kitanda cha tano alikufa alfajiri. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho na kumfunga kidevu kwa bendeji. Daktari alikuwa na haraka, hakulifunga faili, na jina likabaki daftarini.

"Ni uchovu," alijiambia. "Uchovu hauna adabu." Akakichukua kikombe cha juu kabisa na kukinusa. Kilinuka nywele zilizoungua.

Angeweza kumwambia daktari. Lakini angeanzia wapi? Dawa ile hutolewa kwa matone na saini, na dozi iliyonyweshwa maiti ni dozi iliyoibwa. Tena kitanda cha sita, pale jirani, alilala mdogo wake mwenyewe wa tumbo moja. Nani asingesema sista amempelekea ndugu yake? Akanyamaza.

Wagonjwa walimwita yule mdogo wake Shemeji, kwa sababu kila teja akipata nafuu kidogo humposa sista, na wale wengine sita wote walikuwa wachumba. Shemeji alikuwa kitinda mimba. Mama yao alikufa ameshika mkono wa sista, akasema, "Huyu nakuachia wewe," basi, hakuongeza neno. Hii ilikuwa mara yake ya tatu wodini, na safari hii daktari alimvuta sista pembeni akamwambia moyo wa kijana umechakaa, asitarajie mara ya nne. Atoke mzima sasa au asitoke. Sista hakuwa na mtu mwingine chini ya jua.

Kesho yake faili lilikuwa limefungwa. Sista aliita cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, akaruka akaita cha sita.

"Na mimi?"

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua. Sista akanyanyua macho. Nje ya nondo palikuwa na korido tupu, jua limetanda sakafuni, na Shemeji akija kwa mbali anajikokota na ndara zake.

"Sista, umeniruka."

Alifunga dirisha kwa nguvu mpaka vioo vikalia. Hakuwa amefika kwenye kiti wodi ilipolipuka, maana wote saba waliingia kwenye arosto kwa pamoja, hata yule aliyebakiza siku moja atoke, hata wale wanne waliokuwa wamekwisha kunywa dawa, wakajikunja, wakatapika, wakapiga miguu vitanda vikahama mahali pake, na katikati ya makelele hayo Shemeji alianguka pale koridoni, macho yamegeuka meupe, kifua kinapanda bila kushuka, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikinuka mpaka kwenye mashuka. Sista alirudi mbio, akalifungua dirisha. Alimimina dawa, akaisukuma nje ya nondo. Kikombe kikanyanyuka peke yake.

"Nimemeza, sista. Ahsante."

Wagonjwa wakatulia mmoja baada ya mwingine, kama mapangaboi umeme unapokatika.

Tangu siku hiyo akawa anawapunja wale saba tone moja moja ili apate kikombe cha nane. Alijua ni dhambi. Alikuwa amewafukuzisha kazi wauguzi wawili kwa kosa hilo hilo.

Aliyemwona kwanza ni msafishaji, ambaye wodi nzima ilimwita Bwana Ndoo. Alimkuta amekaa chumba cha dawa analia bila kutoa sauti. Sista akamweleza yote, kwa sababu siri ikizidi hutafuta mdomo wowote. Bwana Ndoo hakucheka.

"Nina mama mkwe," alinong'ona. "Majini yanamwogopa. Hata mimi namwogopa."

Mama mkwe alikuja saa ya kutazama wagonjwa, na mkoba wake kwapani na magoti yake mabovu, akajifanya amekuja kumwona mtu. Akaketi kwenye kitanda cha tano kilicho wazi. Alikaa sana. Kisha akamfuata sista dirishani.

"Si jini la kurithi, wala hukutumiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mpita njia. Hospitali zimejaa wapita njia, wanakaa koridoni wakingoja kuitwa, na hakuna anayewaita. Wewe umemwita. Umemnywesha. Umemwandika."

"Basi mtoe, mama. Nakuomba."

"Nimtoe vipi, mwanangu? Jini wa kawaida namfukiza ubani anakimbia. Huyu nimemfukizia kimyakimya kwenye mkoba wangu hapa, akaniuliza kama sina kitu kikali zaidi." Akatikisa kichwa. "Mmeshamfanya teja. Mimi sina dawa ya teja. Nyinyi wenzangu mnawafanyaje watu hawa?"

"Tunawapunguzia. Kidogo kidogo, siku kumi, mpaka kikombe kinabaki maji matupu."

"Basi mganga ni wewe. Dawa ya moto ni moto. Lakini nisikilize vizuri. Ukianza usirudi nyuma. Ukirudi hata siku moja, hatoki tena, na atakuwa amejua pa kukushika."

Siku ya kwanza sista alipunguza sehemu moja ya kumi. Jini lilikunywa, likasema, "Sista, leo umekosea."

"Sikukosea. Kunywa maji."

Siku ya tatu lilibembeleza. Siku ya nne lilimtukana matusi ambayo hata mateja wangeona haya. Siku ya tano liliapa kwa mama yake, na sista akacheka, cheko kavu la mtu aliyeyasikia yote. Miaka kumi na tisa amedanganywa na mabingwa, wenye watoto wagonjwa ambao hawajazaliwa, wenye mazishi ya baba mmoja mara nne. Jini lilikuwa mwanafunzi tu. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba huenda akaliweza.

Ila Shemeji hakuwa anapona. Wengine sita walianza kula, wakacheza karata, wakaanza uchumba wao. Yeye alizidi kuumwa. Vipele vya baridi vilimsimama mwili mzima mchana wa joto, hakuweza kulala hata dakika, na alikuwa akiongea na kitanda cha tano.

"Dada," alimwambia siku ya saba, midomo imepasuka, "huyu jirani ananiegemea. Mwambie asogee. Ni mzito."

Sista alimfunika shuka, akalia waziwazi mbele ya wagonjwa, na hakuna aliyemtania.

Siku ya nane daktari alimpima Shemeji moyo, akavua kifaa masikioni polepole. "Sista, kaa naye leo. Sioni kama atafika jioni."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano, na hakuwa na mtu wa kumwachia dirisha. Aliingia chumba cha dawa, akamimina kile cha jini, matone mawili tu chini ya kikombe. Akakisogeza nje.

Hakikunyanyuka.

"Nimechoka, sista," ilisema sauti, na kweli ilikuwa imechoka, ilikuwa imechoka kama yeye. "Wewe hujachoka?"

"Kunywa."

"Mimi sina ugomvi na mdogo wako. Nikiumwa naegemea, ndivyo nilivyo, na yeye ndiye wa karibu. Nirudishie kile cha kwanza, nisimame mwenyewe. Leo tu. Kesho utaendelea kunipunguzia, nitakunywa hata maji, sitasema neno."

Kutoka wodini alisikia mtu akivuta pumzi kama anayekokota gunia, akanyamaza, akavuta tena, na kila ukimya ulikuwa mrefu kuliko ule uliotangulia, na sista akiwa na chupa mkononi aliyakumbuka maneno ya mama mkwe, akamkumbuka na mama yake mwenyewe na ule mkono uliopoa ndani ya mkono wake, akajua kabisa, kama anavyojua jina lake, kwamba kesho hakuna, kwamba hakuna teja duniani aliyewahi kusema leo tu ikawa leo tu, na ukimya wa wodini ukaja, ukakaa, haukuondoka.

Akajaza kikombe mpaka ukingoni.

"Nimemeza, sista."

Wodini mtu alikohoa. Alipofika mbio kitanda cha sita, Shemeji alikuwa amegeukia ukutani, amelala usingizi mnono, anakoroma.

Aliruhusiwa baada ya wiki moja. Daktari aliita muujiza na kuwaonyesha wanafunzi faili lake. Bwana Ndoo alirudi na ujumbe wa mama mkwe, mfupi: "Mwambie asinitumie mtu tena." Sista alijaribu kupunguza upya, mara mbili. Mara zote mbili simu ya mdogo wake iliingia kabla dirisha halijafungwa: dada, sijui nina nini, natetemeka. Siku moja alishikwa na homa hakuja kazini, muuguzi mwingine akaita vitanda vyenye wagonjwa tu, na jioni ile Shemeji alikutwa chooni kwake hajitambui. Sista hakukosa tena hata siku moja. Likizo alizitoa kwa wenzake. Wakamsifu sana kwa moyo wake.

Mwaka wa tatu ulipoisha, Shemeji alikuja asubuhi, akamwita nje, mbali na wodi, penye geti kubwa. Shingo ilikuwa imejaa, shati limepigwa pasi. Hajagusa unga miaka yote hiyo. Alikuwa ameoa binti wa mji mwingine, safari ya siku mbili, akahamia huko, na sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mtoto wa kike, dada! Ana siku sita. Nimekufuata, twende ukamshike. Bila wewe asingekuwepo."

Sista alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akasema, "Nitakuja. Acha kwanza mambo yatulie kazini."

Furaha ikamtoka usoni. "Harusini ulisema hivyo hivyo. Kwangu hujakanyaga. Wodi hii ina nini lakini?"

"Nitakuja, mdogo wangu. Haki ya Mungu."

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu. "Mimi ahadi za namna hiyo nazijua," alisema taratibu. "Nimeishi kwa kuzitoa. Dada, ungetafuta mtu wa kukusaidia, kweli." Akaenda zake akijifuta macho. Sista alimtazama mpaka alipokata kona, mgongo umenyooka, hatua za mtu mzima wa afya, na alitamani kumkimbilia. Akatazama saa.

Saa sita kamili aliita cha kwanza. Aliita cha pili, cha tatu, cha nne. Korido ilikuwa na joto na kimya. Alipofika kwenye kikombe ambacho hakikuwa na mwenyewe alikimimina kama kawaida, akakisogeza nje ya nondo, akangoja kusikia kumeza.

"Hongera, shangazi," ilisema sauti, kwa upole wa jirani. "Wa kike, eh? Analala vizuri?"

Chupa ilimteleza, akaidaka.

"Analala," alijibu.

"Bado kachanga. Vichanga hushtukashtuka."

Sista aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa nondo.

"Niambie," alisema, "unataka kiasi gani."