Safaa na Waya wa Irshad

Kila alasiri baada ya vipindi, Safaa alifungua chumba cha kompyuta cha shule yao huko Gitothua, Ruiru, akapanguza vumbi mezani. Ilikuwa mwaka wa 1999, na chama chao cha kompyuta kilikuwa na mashine mbili tu. Ya Mwalimu Mbula iliunganishwa na simu ya shule. Ile ya wanafunzi, iliyoendeshwa kwa mfumo wa Linux, ilipata intaneti kupitia ya mwalimu, kwa waya uliopita chini ya meza.

Jumatatu, mwalimu alimwagiza Safaa, kiongozi wa chama, aipe kompyuta ya wanafunzi anwani ya kudumu, yaani nambari ya kuitambulisha mtandaoni, isiwe ikibadilika kila inapowashwa. Alimwandikia nambari kadhaa ubaoni. Safaa aliingiza zile alizoona zinahitajika, akaizima mashine, akaenda nyumbani amejaa fahari.

Kesho yake intaneti ikagoma. Safaa alijaribu tena na tena, wapi! Hapo Gathoni, mwanachama mwenzake, akamnong'oneza, "Jana wengine walipokwisha kuondoka, nilimwona Irshad chini ya meza. Alikuwa ameshika ule waya."

Irshad alikuwa amehamia hapo muhula huo kutoka Mwihoko. Hakuwa msemaji. Safaa alimfuata uwanjani.

"Jana ulikuwa unatafuta nini chini ya meza?"

"Nilikuwa nafunga waya kwenye mguu wa meza. Watu wanajikwaa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Jibu hilo lilizidi kumtia Safaa shaka. Mbona alingoja wenzake waondoke? Mbona alikuwa akitazama chini alipojibu? Kufikia saa ya chakula siku iliyofuata, habari zilikuwa zimeenea darasa zima, na Irshad alikula peke yake.

Safaa alikwenda kwa mwalimu. "Mwalimu, Irshad ametuharibia waya. Heri atolewe kwenye chama."

"Ulimwona akiuharibu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi tuuchunguze huo waya."

Mwalimu Mbula aliketi kwenye kompyuta ya wanafunzi, akaiamuru iite ile yake. Majibu yakaja, mstari baada ya mstari.

"Waya ungekuwa umeharibika, majibu haya yangepita wapi?"

Mwalimu akaita kompyuta ya mbali, nje ya shule. Kimya. Akafungua mahali pa kuandikia anwani. Anwani ilikuwepo, lakini nafasi moja chini yake ilikuwa tupu.

"Nambari ya mwisho niliyokuandikia iko wapi?"

"Ilikuwa ya kompyuta yako, Mwalimu. Nilidhani haituhusu."

"Ndiyo njia ya kutokea nje. Awali kompyuta yangu iliionyesha mashine hii njia hiyo pamoja na anwani. Ukiipa anwani kwa mkono, na njia uiandike kwa mkono."

Safaa aliandika ile nambari, na intaneti ikafunguka. Hakufurahi. Alimwita Irshad, na mbele ya chama kizima akasema, "Kosa lilikuwa langu. Nilikusingizia. Nisamehe."

"Nimekusamehe," Irshad akasema, "lakini uwaambie na wale wa darasani."

"Nitawaambia."

Mwalimu Mbula aliwatazama wote. "Kushuku mtu hakuna kazi, ndiyo maana hutujia upesi. Kuchunguza ndiko kuna kazi. Siku nyingine kitu kikiharibika, anzeni kukagua kile mlichokigusa ninyi wenyewe, kabla hamjataja jina la mwenzenu."