Mapera ya Mama Mkwe

Asubuhi ile kizuizi kilifurika malori. Honi juu ya honi, vumbi, moshi, madereva wametoa vichwa madirishani wakigombana na jua. Upande huu wa mstari wa kizuizi inzi wa matunda walikuwa wameshaingia mashambani. Upande wa pili bado. Ndiyo ikatoka amri: kila lori likaguliwe, na tunda lisilokaguliwa na kufungwa muhuri lisivuke, hata moja.

Dereva mmoja, ambaye wenzake walimwita Mwendo kwa vile hakujua kukaa kitako, alishuka akaenda mbele kuulizia. Akamkuta mkaguzi, binti mrefu, kitambaa cha zambarau kichwani, gwanda la kijani, buti zimejaa tope. Ameliinamia chungwa, kioo cha kukuzia mkononi.

"Dada, hilo chungwa unalisoma au unalichumbia?"

Hakuinua kichwa. "Nalisoma. Wenzako wote wamekuja kuuliza. Wewe angalau umechekesha."

"Basi nipitishe."

"Kwa kuchekesha? Rudi kwenye foleni, kaka."

Akarudi. Na tangu siku hiyo, mtu aliyekuwa akizitukana foleni akawa anachagua ya binti yule hata ikiwa ndefu kuliko zote. Wakapeana namba, baadaye wakapeana ahadi.

"Uko wapi, roho yangu?" binti angeuliza kwenye simu.

"Barabarani. Nakuja mbio, sipumui."

"Pumua, baba. Nataka mume, sitaki habari za ajali."

Mama yake Mwendo aliposikia kuna mchumba, furaha ilimzidi. Siku ya safari akajaza kikapu mapera ya uani, yameiva, yananukia nyumba nzima. "Mpelekee mkwe wangu. Salamu tupu hazishibishi."

Mwendo akawaza: haya ni ya kula, si mzigo. Tena anapelekewa mkaguzi mwenyewe, nani wa kunikamata? Akakisukuma kikapu nyuma ya kiti.

Alipofika kizuizini, mbele ya wakaguzi na msururu wa madereva, akakiinua juu. "Njoo upokee zawadi ya mama mkwe!"

Madereva wakapiga miluzi. Uso wa binti ukamshuka. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Uani kwetu."

Akachukua kisu, akapasua pera moja. Funza wadogo weupe wakachupa kiganjani mwake. Mkubwa wake alikuwa amesimama kando, lakini hata asingekuwepo, mkono wa binti ungekwenda pale pale ulipokwenda: kwenye kibali cha dereva, kukichukua. Mapera yakafukiwa shimoni, shehena yote ya machungwa ikarudishwa, na lori likapigwa marufuku kuvuka msimu mzima.

"Nimekuletea mapenzi, umenipa kesi," Mwendo alisema.

"Hata ungekuwa umenizaa, ningekuzuia."

"Umemwaibisha mama yangu mbele za watu!" Akageuza lori, akaondoka na vumbi lake.

Simu yake ikawa haipokelewi. Binti akipiga, inaita mpaka inakata. Kila honi ikilia kizuizini alinyoosha shingo, akakuta ni mwingine. Mwendo naye akawa anabeba saruji huko huko upande wake, na asipobeba anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama alipomwuliza habari za mapera, alijibu, "Aliyapenda. Aliyamaliza yote." Angemwambiaje mama kwamba zawadi yake imefukiwa kama mzoga?

Siku ya mapumziko binti akavua gwanda, akavaa gauni la bluu lenye maua madogo, akavuka mstari kwa miguu, akaulizia nyumba mpaka akafika. Mwendo alikuwa analiosha lori lililokwishatakata. Ndoo ikamponyoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe ndiye wewe! Mapera yangu nasikia uliyamaliza, eti? Nimekuwekea mengine."

Nyuma ya mama, Mwendo alikuwa anatikisa kichwa, macho yamemtoka, amefumbata mikono kuomba. Neno moja tu, yalikuwa matamu, na mambo yote yangepoa. Binti alimtazama, kisha akamrudia mama.

"Mama, sikuyala. Yalikuwa na funza. Niliyafukia, na lori la mwanao nikalirudisha. Uchungu niliokutia unisamehe. Kazi yangu lakini siiombei radhi."

Mama akakaa polepole kwenye kigoda, akamgeukia mwanawe. "Wewe ulisema aliyamaliza."

"Sikutaka uumie, mama."

"Ndiyo nimeumia sasa, tena kwako." Akamshika binti mkono. "Kaa hapa, mwanangu. Wa kunidanganya kwa huruma ninaye. Wa kuniambia ukweli ndiye niliyekuwa sina."

Mwendo akasogea, mikono inachuruzika sabuni. "Nilikosea kukasirika. Ningekuja kukwambia, ila nimezuiwa."

"Nani kakuzuia?"

"Si wewe!"

"Mimi nilizuia lori. Wewe una miguu."

Mama akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwendo hakucheka. "Baba yako hupatikana lini nyumbani?"

"Jumapili."

"Basi Jumapili tunakuja kuposa. Mimi, mama na baba mdogo. Kwa miguu."

"Karibuni," binti akasema, na tabasamu likaanza kumponyoka. "Mifuko nitaikagua mwenyewe."

"Hata wa mama?"

"Wa mama ndio nitaanza nao."