Mheshimiwa Astaafu

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mama Stamena alivua aproni, akachana nywele na kuvaa sweta lake la sufu la bluu. Hakuwa anakwenda kanisani. Alikuwa anakwenda kukaa mbele ya kompyuta.

Kompyuta ilikuwa sebuleni kwao, ghorofa ya pili, mjini Kruševac. Kwenye skrini alitokea binti yake Jasmina, anayeishi Vienna. Mapajani mwa Jasmina alikaa Relja, mjukuu wa kwanza wa Mama Stamena, mwenye mashavu kama mikate miwili. Mama Stamena alikuwa hajawahi kumshika. Alimwona akicheka kila Jumapili, lakini alikuwa hajawahi kukisikia kicheko chenyewe.

Sababu ilikuwa moja tu, na jina lake ni Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa feni. Kwa umbo hakuzidi kisanduku cha kiberiti. Kazi yake ilikuwa kupoza chipu moja ndani ya kompyuta. Kwa sauti, hata hivyo, alikuwa mkubwa kuliko watu wote wa jengo lile. Alilia iiiiii, kama mbu aliyemeza filimbi. Dobrivoje, mwana wa Mama Stamena, ndiye aliyempa cheo hicho, kwa sababu mheshimiwa akianza kusema hakuna mwingine anayesikika, na hakuna ajuaye atanyamaza lini.

"Mama, unasaga kahawa?" Jasmina aliuliza Jumapili hiyo.

"Nani kazawa?" Mama Stamena alishtuka. "Mwingine tena?"

"Kahawa, mama! Kuna kelele!"

"Sikusikii, mwanangu! Kuna kelele!"

Relja alifungua kinywa kisicho na meno akacheka. Mama Stamena aliegemea skrini, sikio mbele. Alisikia iiiiii.

Alinyoosha mgongo, akamgeukia mwanawe.

"Dobrivoje. Slava yetu ni wiki hii. Dada yako hawezi kusafiri na mtoto mchanga kwenye theluji. Atakaa nasi mezani kwa mashine hii. Nataka nimsikie mjukuu wangu siku ya Mtakatifu Nikola. Sitaki zawadi nyingine."

Slava ni sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia, na mlinzi wao alikuwa Nikola.

"Utamsikia, mama. Niachie mimi."

Maneno "niachie mimi" yalikuwa yameshaiharibu mashine ya kufulia, pasi ya umeme, na mlango wa choo cha nyumba ile. Dobrivoje aliinama nyuma ya kompyuta, akafungua kasha, akauona waya wa Mheshimiwa. Akauchomoa.

Kimya.

"Oooh," alisema Mama Stamena.

"Mama! Sasa nakusikia vizuri," alisema Jasmina. "Ngoja, Relja anataka ku..."

Hapo skrini ikaganda. Jasmina alibaki jicho moja wazi, jingine limefumba, mdomo umevutwa upande wa kushoto. Mama Stamena alipiga yowe hadi majirani wakafungua milango.

"Promaja! Promaja imempinda uso mtoto wangu!"

Promaja ni ule upepo unaoingia kwa dirisha hili na kutokea kwa mlango ule. Katika nyumba ya Mama Stamena ulihesabika kuwa mbaya kuliko vita. Ulipinda shingo, ulitoboa meno, uligandisha figo.

"Mama, ni picha tu imeganda!"

"Nilimwambia! Usioshe nywele ukatoka nje! Nilimwambia!"

Miongoni mwa majirani waliokuja kutazama msiba alikuwamo Vida wa ghorofa ya chini, mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Alitazama skrini. Alimtazama Dobrivoje, aliyekuwa ameficha bisibisi nyuma ya mgongo.

"Jirani, umechomoa nini?"

"Mimi? Hakuna."

"Dobrivoje."

"Feni. Ndogo tu."

"Umezima kitu kinachopoza, hukuweka kingine badala yake. Chipu imepata moto, kompyuta imesimama. Mpigie dada yako simu, mama yako apate kupumua."

Jasmina alipigiwa simu. Uso wake ulikuwa mzima. Mama Stamena alimtaka ajitazame kwenye kioo, kwa uhakika zaidi.

Kesho yake Vida alikuja na mkoba wake wa vifaa. Alichomoa kwanza waya wa umeme ukutani. Alishika chuma cha kasha ili umeme wa mwilini mwake umwishie hapo, usije ukaunguza chipu.

"Mama Stamena, na hilo sweta la sufu, tafadhali kaa mbali kidogo. Linatoa cheche."

Kisha aliinama. Juu ya kompyuta palitandikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono. Matundu ya mbele, upande wa chini, yalikuwa yamezibwa kwa soksi nene ya sufu. Matundu ya nyuma yalikuwa na soksi ya pili. Na kompyuta yenyewe ilisimama kwenye zulia, imeegemea jiko la kuni.

Vida alizitoa soksi polepole, moja baada ya nyingine, kama daktari anayetoa risasi.

"Nani kaivalisha?"

"Mimi," alisema Mama Stamena bila aibu. "Ilikuwa inakohoa. Ina matundu mbele, ina matundu nyuma. Hiyo ni promaja tupu! Nikaisogeza karibu na jiko ipate joto."

Dobrivoje alikwenda kucheka jikoni. Vida hakucheka, ingawa ilimgharimu.

"Mama Stamena, nani anawasha jiko hili?"

"Mimi. Huyu hawezi kuwasha hata kiberiti."

"Kile kidirisha cha chini, cha majivu, ukikifunga kabisa?"

"Moto unakufa."

"Na bomba la juu ukiliziba?"

"Tunakufa sisi! Vida, umelewa? Hewa inaingia chini, inapata moto, inapanda juu. Lazima jiko livute!"

"Nani anaivuta hiyo hewa? Kuna feni ndani ya jiko?"

"Feni ya nini? Hewa ya moto inapanda yenyewe."

"Basi," alisema Vida, akainua soksi mbili juu. "Hii ya chini, umeziba kidirisha cha majivu. Hii ya nyuma, umeziba bomba."

Mama Stamena alizitazama soksi. Alilitazama jiko. Aliitazama kompyuta, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Kumbe ni jiko!"

"Ni jiko."

"Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Vida alifungua kasha, akamulika ndani kwa tochi. "Huu ubao mpana ndio ubao mama. Kila kitu kimechomekwa hapa. Na hii chipu, chini ya Mheshimiwa wenu, ni kama askari wa barabarani. Habari zote za diski, za sauti, za kibodi zinapita kwake. Anafanya kazi sana, anapata joto. Feni imejaa vumbi na mafuta yake yamekauka, ndiyo maana inalia."

"Tuipige mafuta," alisema Dobrivoje, akirudi.

"Italala mwezi, itaamka na hasira zaidi. Afadhali astaafu."

Alitoa mfukoni kipande cha aluminiamu chenye mapezi marefu, membamba, kama kitana kinene.

"Hiki ni kipoza joto. Hakina feni, hakina waya, hakili umeme."

"Kinafanya nini basi?" aliuliza Mama Stamena.

"Kinakaa tu."

"Kama marehemu mume wangu."

"Kinanyonya joto la chipu na kulitandaza kwenye mapezi haya. Hewa inapita katikati, inalichukua, inapanda nalo juu. Kimya kimya."

"Basi si kama marehemu. Yeye alikoroma."

Vida alikipima kwanza, asije akakigonganisha na kadi ya picha iliyo jirani. Alibana pini za plastiki kwa koleo, taratibu, akamng'oa Mheshimiwa. Chini yake kulikuwa na uji mkavu wa kijivu, ule wa kupitisha joto la chipu.

"Huu lazima ufutwe wote. Nina kitambaa laini. Nipeni spiriti."

Mama Stamena alikuwa ameshafika na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, na glasi tatu.

"Ya plamu. Kaka yangu kaipika. Inafuta hata dhambi."

"Spiriti ya duka la dawa, mama. Rakija ina maji na utamu, itaacha uchafu juu ya chipu."

"Utamu! Kaka yangu akikusikia..."

"Iache mezani. Ina kazi nyingine baadaye."

Chipu iliposafika, Vida alitia tone la uji mpya, dogo kama punje ya dengu.

"Ongeza," alihimiza Dobrivoje.

"Si siagi kwenye mkate. Ukizidisha, joto linapita kwa shida. Na mapezi yasimame wima, hivi, hewa ipande bila kizuizi."

Alikikaza kipoza joto bila kutumia nguvu. Alipuliza vumbi lote. Feni kubwa ya nyuma ya kasha aliiacha, maana ilizunguka polepole bila kusikika, na kipoza joto kimya huhitaji hewa kidogo inayotembea. Kompyuta ikahamishiwa ukuta wa mbali na jiko, juu ya ubao, matundu yote wazi.

"Uiwashe, uiache ifanye kazi mchana kutwa, na utazame kipimo cha joto kwenye skrini," alimwambia Dobrivoje. "Ikipanda sana au ikiganda, zima, uniite. Usiseme 'niachie mimi'."

Haikuganda. Mama Stamena alikunja kitambaa chake cheupe, akamfunika nacho Mheshimiwa ndani ya kisanduku cha vifungo. Alistahili heshima za mwisho.

Siku ya slava mshumaa uliwashwa, mkate ukakatwa, na samaki wakafika mezani wakitoa mvuke. Vida alikuja bila kualikwa, kama ilivyo desturi, kwa sababu slava haina mwaliko. Alikumbuka kuuliza rakija iko wapi.

Jasmina alitokea kwenye skrini.

"Mama? Mbona kimya hivi? Mheshimiwa yuko wapi?"

"Amestaafu."

Mama Stamena alisogea. Alisikia kijiko kikigonga kikombe huko Vienna. Alisikia Relja akipumua kwa pua, fyu, fyu. Machozi yalimjaa. Dobrivoje aliinamia sahani yake. Mama Stamena alisogea zaidi, akatega sikio. Uso wake ukakunjamana.

"Jasmina. Hicho kinachopigapiga ni nini?"

"Kipi, mama?"

"Pazia! Nasikia pazia! Dirisha liko wazi?"

"Kidogo tu, tunabadilisha hewa..."

"Na mlango?"

Kimya kirefu, safi, bila mbu wala filimbi.

"Na mlango pia," Jasmina alinong'ona.

"FUNGA!"

Relja aliruka mapajani mwa mama yake. Alimtazama bibi yake kwa macho ya duara. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, chenye kwikwi katikati na mlio wa kuku mwishoni. Kila mtu pale mezani alikisikia chote.

Mama Stamena aliweka kiganja kifuani.

"Mama Stamena," alisema Vida, "kompyuta umeifungulia matundu yote. Mtoto je?"

"Kompyuta ni jiko. Mtoto si jiko," alijibu Mama Stamena bila kugeuka. Aliikaribia skrini, akashusha sauti ikawa tamu kama asali.

"Funga," alimnong'oneza mjukuu wake.

Relja akacheka tena.

"Funga!" alisema Dobrivoje. "Funga!" alisema Vida, glasi mkononi. Meza nzima ilisema funga, na Vienna nzima ilicheka, na hakuna aliyekumbuka kula. Samaki wakapoa mezani, tena bila feni.