Goti la Nani Kwenye Cherehani Yangu?

"Ijumaa wanaleta cherehani mpya," mume wangu alisema bila kuniangalia. "Hii ya zamani waondoke nayo hukohuko, iende kwenye chuma chakavu."

Nilikuwa nimeinamia koti la sita asubuhi ile, nafumua mshono nilioushona kwa mikono yangu mwenyewe. Mshono wa ajabu. Huku umeruka, huku umejikunja, huku uzi umekatika. Nikaweka wembe mezani.

"Umeagiza bila kuniuliza?"

"Nimekuuliza mara tatu, Mama Hanbyol. Kila nikiuliza unanirushia kitambaa."

"Basi hilo ndilo lilikuwa jibu."

Akawasha mkasi wake wa umeme, akaendelea kukata. Taegon ndiyo zake. Mazungumzo yakimshinda, anawasha mkasi.

Mimi naitwa Myongnim. Tunafanya kazi kwenye chumba cha chini ya ardhi hapa mtaa wa Changsin, yeye anakata na mimi nashona makoti ya kike, na pikipiki za mizigo zinayashusha kilimani mpaka sokoni Dongdaemun. Miaka ishirini na sita sasa. Mimi sigusi mkasi wake, yeye hakai kwenye cherehani yangu. Aliwahi kujaribu mara moja tu, akashona mfuko wa aproni ukatoka umepinda kama njia ya mtaani kwetu. Nikautundika mlangoni wiki nzima, kila mteja akiingia anacheka. Nilicheka mimi mpaka nikalia machozi.

Cherehani hiyo niliikalia nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye kiwanda tulichokuwa tunafanya kazi wote wawili. Kiwanda kilipofungwa nikainunua. Enzi hizo Taegon alikuwa kijana mrefu, mwembamba, hana maneno. Alikuwa ananiandikia kwa chaki upande wa ndani wa vipande alivyokata: "Tambi, saa moja?" Nami napitisha mshono juu ya maneno yake haraka, msimamizi asije akasoma. Ndivyo nilivyotongozwa mimi, kwa chaki. Sasa mtu yuleyule ndiye anayesema iende chakavu.

Lakini tuseme ukweli, cherehani ilikuwa inanitesa. Tangu mwezi wa nane ilianza vituko. Leo inashona vizuri, kesho inaruka. Nakaza uzi, inatulia, siku mbili tatu tena imeharibika. Sindano ya zamani niliyoiacha kwenye mashine naikuta mpya, nikadhani nimeanza kusahau. Fundi Kwak alikuja na sanduku lake mara mbili. Akaifungua yote, akaipaka mafuta, akaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Dada, mashine haina ugonjwa," alisema mara ya pili. "Hii itakuzika wewe."

"Sasa kwa nini inaruka?"

Akafuta mikono. "Mkono wako ukoje siku hizi?"

"Mzima."

"Kuna mtu mwingine anaikalia?"

"Nani athubutu?"

Akafunga sanduku lake, akanywa kahawa, akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa. Kama mashine haina ugonjwa, basi mgonjwa ni mimi. Na mkono haukuwa mzima. Kila Jumanne na Ijumaa saa tisa nilikuwa nakwenda kliniki ya mtaa wa pili kuchomwa sindano za kiganja, na daktari alikataza nisishone mpaka kesho yake. Alishanieleza pia mambo mengine ambayo sikumwambia Taegon. Taegon nilimwambia ni uchovu tu.

Kisha ukaja ujumbe wa mteja wetu wa sokoni, mama ambaye nimemshonea miaka kumi na tano.

"Dada Myongnim, makoti thelathini nayarudisha. Mishono haifanani na yako kabisa. Kama umechoka niambie tu, nitafute mtu mwingine."

Niliusoma nikiwa chooni, nikalia hukohuko nimefungulia bomba. Mtu aliyeshona tangu ujana wake anaambiwa mshono haufanani na wake. Ningebaki na nini?

Na huyu mume, badala ya kunifariji, wimbo wake ukawa mmoja tu, tununue mpya, za siku hizi zinakata uzi zenyewe. Jioni moja tukila mchuzi wa soya nikamuuliza:

"Kwako wewe kitu kikizeeka dawa yake ni kutupa, eti?"

"Nazungumzia cherehani."

"Na mimi nina miaka hamsini na moja. Mimi unanipeleka lini chakavu?"

Akaweka kijiko chini. Halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo bado tulikuwa tunavilia.

Jumatano, siku mbili kabla ya mashine mpya kuletwa, ndipo nilipozinduka. Chini ya meza ya cherehani kuna kichuma unachokisukuma kwa goti ili mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, uinuke ukipitishe. Kila fundi anakifunga kufuatana na mguu wake, na changu hakijasogezwa tangu nimzae Hanbyol. Nikakaa, nikasukuma. Goti likapita hewani.

Nikainama kuangalia. Kichuma kimesogea juu, upana wa vidole viwili. Nikaangalia kiti. Mimi ni mfupi, nakalia mito miwili, mwekundu juu na wa maua chini. Leo wa maua ulikuwa juu.

Nikaanza kuhesabu siku. Cherehani ilikuwa inaharibika Jumatano na Jumamosi, yaani kila nikitoka kliniki jana yake. Mkono wangu haukuwa na kosa. Kuna mtu anakaa mahali pangu, na ana miguu mirefu.

Mtaa mzima mwanamke mwenye miguu mirefu ni mmoja, Sonyo wa matundu, yule mwenye duka la kutoboa matundu ya vifungo upande wa pili wa kichochoro. Ameachika, anacheka kwa sauti, na miguu yake inaanzia kwapani. Taegon anampelekea makoti kila siku, na siku hizi alikuwa anachelewa kurudi. Nikajiambia, Myongnim acha wivu wa kitoto. Alhamisi simu ya Taegon ikatetemeka juu ya meza ya kukatia, yeye yuko nje anapakia mzigo. Ujumbe wa Sonyo:

"Kesho akienda kliniki nakuja. Weka uzi mweusi tayari. Juzi nimecheka mpaka mbavu zinaniuma."

Nikairudisha simu mezani kifudifudi. Kwa hiyo kuna mtu anafundishwa kazi yangu, mahali pangu, na mashine mpya ni yake. Mimi na cherehani yangu ndio tunaondolewa pamoja. Usiku sikulala, na asubuhi nilimpikia wali kama kawaida.

Ijumaa saa tisa kasorobo nikavaa koti, nikabeba mkoba.

"Nakwenda kliniki."

"Nenda salama," alisema, na masikio yamemwiva mekundu. Masikio ya Taegon hayajui kudanganya.

Nikatembea mpaka kwenye kona ya muuza viazi vya kuchoma, nikasimama pale robo saa nikiwa nimeshaamua. Nikikuta ninachokitarajia, naita pikipiki, naondoka na cherehani yangu kwa dada yangu Incheon, wao wabaki na mpya yao. Nikarudi. Kwenye ngazi nikasikia cherehani yangu inalia, inakwenda, inasimama, inakwenda tena, kama mtu anayejifunza kuendesha gari. Na kicheko cha Sonyo juu yake.

Nikasukuma mlango.

Sonyo alikuwa amesimama ukutani na kiazi mkononi. Aliyekaa kwenye cherehani ni Taegon. Mito yangu iko sakafuni, magoti yake yamebanana na meza, miwani imemshukia puani, jasho linamtoka na nje ni baridi kali. Aliponiona alisahau kutoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikala kitambaa chote mpaka sindano ikakatika, ta.

Sonyo ndiye aliyesema kwanza.

"Nilimwambia akuambie, dada. Mumeo kichwa kigumu, na mkono ndio mgumu zaidi." Akachukua koti lake, akapita pembeni yangu, akaondoka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwezi wa nane."

"Kwa nini?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. "Siku ile nilipokwenda kukuchukulia dawa. Daktari alidhani najua. Akaniambia ukiendelea kushona kutwa, baada ya miaka miwili hata vijiti vya kulia hutaweza kushika." Akanitazama. "Wewe uliniambia ni uchovu tu."

Hapo nilipaswa kulainika. Sikulainika, nilipandwa na hasira.

"Unajua ulichonifanya, Taegon? Miezi mitatu najiona nimekwisha. Nimerudishiwa makoti thelathini. Nimelia chooni. Nilidhani ni mikono yangu, kumbe ni yako."

"Kila nikimaliza nilikuwa narudisha kila kitu mahali pake."

"Hukurudisha. Hata mito hukurudisha."

"Nilidhani nimeiua," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana niliagiza mpya. Sikujua nitakuambiaje kwamba cherehani yako nimeiua mimi."

"Na mimi niko hapa ndani, fundi wa miaka thelathini na ushee, unakwenda kufundishwa na mtoboa matundu. Ulishindwa kuniomba mimi?"

Akarudisha miwani puani. Halafu akasema, "Ule mfuko uliutundika mlangoni wiki nzima."

Nikageuka kuutazama mlango.

"Sonyo akinicheka hainiumi," akasema. "Ukinicheka wewe inauma."

Nilikaa juu ya gunia la vitambaa. Miaka yote ile nilidhani alicheka na sisi. Sasa nikakumbuka kwamba siku zile alikuwa anawasha mkasi tu. Nikaona aibu, na hasira bado ninayo, vyote kwa pamoja.

Mlango ukagongwa. Vijana wawili wa dukani wakaingia na mashine mpya, nyeupe, inang'aa kama jokofu. Mmoja akafuta jasho, akaangalia huku na huku.

"Mama, ya zamani ni hiyo? Tunaondoka nayo?"

Taegon alikuwa bado amekaa kwenye kiti changu. Akaniangalia mimi.

"Hakuna kinachoondoka," nikasema. "Iwekeni pale pembeni."

Walipotoka nikaijaribu ile nyeupe. Nikasogeza kidole tu, ikashona, ikakata uzi yenyewe, na kiganja hakikusikia kitu. Niliichukia kwa sababu ilikuwa nzuri. Nikachukua simu, nikamwandikia yule mama wa sokoni:

"Mkono wangu haujachoka. Kulikuwa na mwanafunzi. Makoti yote nitayafumua na kuyashona upya mwenyewe."

Kisha nikafungua droo, nikatoa spana.

"Unafanya nini?" Taegon akauliza.

"Tulia hapohapo."

Nikapiga magoti chini ya meza. Kichuma kilikuwa kimekazwa kwa haraka, nusunusu, mahali ambapo si pangu wala si pake. Nikakifungua. Ile alama ya zamani ya mguu wangu ilikuwa bado inaonekana kwenye chuma, imesuguka mpaka imekuwa nyeupe. Niliigusa kwa kidole gumba.

"Nyoosha mguu. Usijikunje, kaa unavyokaa."

Akanyoosha. Nikakisogeza juu mpaka kikakutana na goti lake, nikakaza kwa nguvu zote, kiganja kikauma. Nikainuka, nikaweka sindano mpya, nikamwekea kipande cha kitambaa chini ya mguu wa cherehani.

"Mama Hanbyol," akasema, mkono wake umelowa jasho juu ya gurudumu. "Usinicheke."

"Nitacheka," nikamwambia, nikavuta kiti kingine karibu na chake. "Shona."